Chenga za Mchele

Alfajiri ile, nyuma ya mkonge wa Kigombe,
kabla korona haijaanza kunguruma,
tulimkuta amekaa katikati ya mstari,
masikio yamelala kama majani ya mgomba uliokosa maji.
Hakukimbia.

Siachi akabweka mara moja, akanyamaza,
akanitazama mimi, si yeye,
kama mbwa aliyeulizwa swali la hesabu.

Hoza, mtoto wa dada yangu, akacheka:
"Mjomba, leo riziki imekuja kwa miguu yake,
imekaa kitako, inatusubiri!"
Rungu likaenda. Kisu nikakiwahisha mimi;
bismillahi nusu ikanitoka, nusu ikabaki kooni,
maana damu ilikuja kidogo, nyeusi, kwa uvivu.

Huyu ndiye aliyempanda fisi mgongoni
kama punda wa kukodi.
Hadithi zote za bibi nilizolalia,
hamna hata moja
ambayo sungura anashikwa kwa sababu amechoka.

Nikampasua juu ya jani la mkonge.
Hapo mkono ukasimama.
Ini lilijaa vidoa vyeupe, vidogo, vingi,
kama mtu aliyekuwa anapepeta
kamwaga chenga za mchele kwenye kanga iliyolowa.
Bandama imevimba, imelipita gumba langu.
Wala hapakuwa na harufu. Hilo ndilo lililonitisha,
ubaya usionuka.

"Ini tutalitupa," akasema Hoza, "nyama ni nyama.
Tukiichemsha mpaka jioni, ugonjwa gani utabaki hai?"

Nilikuwa na jibu, tena jibu lenye jina.
Sekiondo, mkataji wa mstari wa nne,
msimu uliopita alimchuna mmoja wa namna hii
kidoleni ana mchubuko wa mwiba, mdogo kuliko chawa.
Ugonjwa haukungoja sufuria.
Siku ya tano kidole kikafanya donda,
mtoki ukamkaa kwapani kama yai la bata,
homa ikampanda, zahanati wakampa dawa ya malaria,
wakampa tena,
hadi daktari mmoja kule Bombo akamuuliza
swali ambalo sote hatukuwa tumeliuliza:
"Umeshika mnyama gani?"
Alipona, ndiyo.
Lakini msimu mzima panga lake lilishikwa na mkewe.

Basi tukachimba. Jembe hatukuwa nalo,
tukachimba kwa panga na kwa hasira ya Hoza,
na hasira ilichimba kuliko panga.
Shimo lilipommeza mkono hadi begani
tukamsukumia humo kwa kijiti, na jani lake, na ini lake,
tukajaza makumbi makavu, tukawasha.
Kisu nacho kikapita motoni.
Siachi nilimfunga mbali; alilia kwa wivu.
Udongo, kisha jiwe, kisha jiwe jingine.
Kwenye bomba la korona mlinzi akatukopesha kipande cha sabuni,
nikamsugua Hoza mikono kama mtoto wa chekechea,
naye akageuza uso upande wa barabara.

Nyumbani Mwanahija alikwisha kuna nazi.
Hakuuliza. Aliangalia kapu, akaangalia viatu vyetu,
akaenda nyuma ya nyumba kuchuma kisamvu.
Watoto walikula wakinung'unika, wakalamba sahani.
Hoza hakula. Alisema ameshiba moshi.

Usiku, wamelala wote, niliwasha tochi ya simu
nikausoma mkono wangu kama barua ya deni.
Chini ya gumba upo mstari, mwekundu, mwembamba.
Sijui ni mwiba wa juzi
au ncha ya kisu ya leo.

Nimeanza kuhesabu siku.
Hii ni ya kwanza.